Dereva wa Masafa Marefu na Mnyama wa Kumliwaza

Mtu akisimama jioni kando ya barabara kuu pale Kanduyi, mjini Bungoma, akayatazama malori yaliyotoka bandari ya Mombasa yakipunguza mwendo baada ya safari ya karibu kilomita 900, ataona wanyama wa kila namna wakisafirishwa, ila kwa nadra sana ataona mnyama aliyepakiwa kwa sababu moja tu ya kupendwa. Ataona jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, amelazwa chini ya kiti cha tanboi (msaidizi wa dereva), zawadi ya shemeji wa Misikhu kwa dereva aliyepita kusalimu. Ataona mbuzi wawili juu ya turubai la lori lililoshuka kutoka Kitale, wakipelekwa kwenye karamu ambayo wao ndio kitoweo chake. Lakini mbwa aliyekaa kitini akiitazama njia kupitia kioo cha mbele, huku mkono wa mwenyewe ukimpapasa shingoni, huyo hatamwona, au atamwona mara chache mno.

Nchini Marekani na Kanada jambo hili limekwisha kuwa la kawaida. Kampuni nyingi za uchukuzi huandika katika masharti ya ajira kwamba dereva ana ruhusa ya kusafiri na mbwa au paka wake, maadamu ameweka amana ya fedha kwa ajili ya uchafu na uharibifu, na maadamu mnyama hazidi uzani uliowekwa. Na dereva anayemiliki gari lake mwenyewe hana haja ya kumwomba mtu idhini. Habari hizo zikisimuliwa huku kwetu mezani hotelini, aghalabu husikilizwa kama habari za anasa za watu walioshiba. Mimi siafikiani na rai hiyo. Upweke wa mtu anayelala garini usiku baada ya usiku, mbali na ahali yake, ni mmoja kila mahali, na haja ya kuwa na kiumbe hai karibu haikugawiwa wanadamu kwa rangi wala kwa utajiri. Kinachotofautiana ni mpango wa kazi, sheria, njia yenyewe na maradhi yaliyomo katika nchi. Na mwenye kuyachungua mambo hayo kwa insafu ataona kwamba mnyama wa dereva wetu yupo, ila hakai garini: anakaa kituoni, naye ndiye tuliyemsahau.

Tuanze na mpango wa kazi, kwa kuwa ndio uliolikata shauri hili kabla dereva hajaulizwa. Lori analoliendesha mtu kutoka Mombasa, kwa kawaida, si lake. Ni la kampuni, au la tajiri ambaye huenda ana magari mawili matatu aliyoyanunua kwa mkopo, na tajiri huyo humhesabia dereva dizeli, matairi na siku, wala hana sababu ya kumsamehe manyoya ya mbwa juu ya kiti. Leo dereva yu katika lori hili, kesho amehamishiwa jingine, na kesho kutwa ameambiwa akapumzike nyumbani kwake Kiminini mpaka atakapoitwa. Kabini yenyewe ina kitanda kimoja chembamba nyuma ya viti, na ndani yake hukaa pia tanboi, sufuria, jiko dogo, dumu la maji, nguo za watu wawili, na karatasi za forodha ambazo hazitakiwi kuingia hata tone la chai. Huyo tanboi naye ana haki zake: ikiwa anamwogopa mbwa, au ana pumu, au imani yake inamtaka ajitenge na mate ya mbwa, dereva hana haki ya kumlazimisha alale ubavuni pa mnyama kwa kuwa tu cheo chake ni kidogo na posho yake hutoka mkononi mwa dereva. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wanaoandika habari za kusafiri na wanyama huzungumza kana kwamba kila dereva yu peke yake garini, na huku kwetu si hivyo.

Ama saa za kazi, Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, imeweka saa 8 kuwa ukomo wa mtu kuendesha gari la biashara katika kila muda wa saa 24. Hata akiitii sheria hiyo kwa ukamilifu, dereva hubaki na saa 16 ambazo hawezi kwenda kwao wala kuliacha gari, kwa kuwa mzigo wa nchi jirani hufungwa kwa kufuli la kielektroniki na kufuatiliwa hatua kwa hatua na mamlaka ya ushuru mpaka uvuke. Saa hizo ndizo zenye adha kubwa. Mwezi wa Januari 2022, Uganda ilipoamuru kila dereva apimwe korona mpakani, malori yalipangana makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi nyuma ndani ya Kenya, na watu wakalala barabarani siku kadha wa kadha, kama walivyolala mwaka 2020 maradhi hayo yalipoingia. Katika foleni ya namna hiyo lori hujongea hatua mia, likasimama nusu siku. Mazungumzo na tanboi yamekwisha tangu Eldoret. Mke nyumbani amekwisha kupigiwa simu na hana jipya la kusema ila kuuliza lini. Ni dhahiri kwamba mbwa angekuwa rafiki mwema hapo, na ni dhahiri vilevile kwamba mbwa huyo angehitaji maji, chakula, kivuli na mahali pa kujisaidia, katika njia ambayo wanadamu wenyewe hawana choo. Anayetaka kumhurumia dereva kwa kumpa mnyama, na asimhurumie mnyama, ameongeza mateso palipokuwa na mateso.

Watu wa Pwani waliyajua mambo haya ya kusafiri na mnyama kabla ya lori la kwanza kuonekana duniani. Majahazi yaliyokwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, kati ya mwambao wetu, Arabuni na Bara Hindi, hayakukosa paka, kwa sababu panya ni adui wa shehena ya nafaka na tende. Na paka aliyeingia chomboni kwa kazi hakukosa baharia wa kumgawia kichwa cha samaki. Lori la mahindi lipakialo kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka mjini Kitale lina panya wake pia, na mtu angeweza kudhani kwamba desturi ile ya bahari ingefaa kuhamishiwa barabarani. Haifai, na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Jahazi lilikuwa maskani ya watu wale wale kwa miezi, halina mlango wa kutokea ila baharini. Lori hushusha mzigo kwa siku moja au mbili, na kila kituo ni mlango ulio wazi. Paka hushikamana na mahali kuliko anavyoshikamana na mtu, naye akifunguliwa usiku pale Burnt Forest, katika baridi na ukungu, hatarudi kwa kusikia injini ikiunguruma. Dereva atamngoja kidogo, kisha ataondoka, kwa kuwa kufuli la kielektroniki halingoji paka.

Kuhusu mbwa kuna jambo la dini na la ada ambalo mchambuzi muungwana hawezi kulipita kimya. Madereva wengi wa njia hii ni Waislamu, wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki, na madhehebu ya Shafi yaliyoenea katika mwambao wetu huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, hata chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hata hivyo amekosea anayedhani kwamba hukumu ya tohara ni hukumu ya chuki. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba ameruhusiwa katika hadithi sahihi, na katika mapokezi hayo hayo kuna habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Kwa upande wa wenyeji wa Bungoma na Trans Nzoia, Wabukusu na jirani zao, mbwa kwa desturi ni wa uani, mlinzi wa boma na wa ng'ombe, asiyekaribishwa kitandani. Kwa hiyo Mwislamu wa Mombasa na Mkristo wa Webuye, kila mmoja kwa njia yake, wamefikia kauli moja: mbwa atendewe wema, akae nje. Nje ya lori ni wapi? Ni kituoni.

Njia itokayo Kitale kwenda kaskazini yastahiki kutazamwa peke yake, maana hiyo ndiyo mtihani mkubwa kwa mwenye wazo la kusafiri na mnyama. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katika hewa baridi ya mashamba ya mahindi. Lodwar, umbali wa karibu kilomita 300, uko chini kabisa, katika joto ambalo mchana huzidi nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Malori hushuka huko na chakula cha Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na pia na bidhaa za Sudan Kusini; na tangu Juni 2018, katika majaribio ya mafuta ya Turkana, matangi yalipanda njia hiyo hiyo yakielekea bandarini. Mbwa hatoki jasho kama mtu. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na hewa iliyomzunguka ikiwa moto, kuhema hakumsaidii. Gari lililofungwa vioo, hata joto la nje likiwa nyuzi 24 tu, kwa nusu saa hupata ndani joto linalozidi nyuzi 40. Basi mwenye kumfungia mbwa kabinini pale Lokichar akaenda kula, akirudi huenda akamkuta maiti. Fauka ya hayo kuna mteremko wa Kamatira, baada ya Makutano, ambao umekwisha kuwala watu wengi, na mnyama asiyefungwa akiteleza chini ya kanyagio la breki mahali kama hapo, haitakuwa tena habari ya mapenzi ya wanyama. Mwenye kusafiri na mbwa amfunge mkanda wa kifuani au amtie katika sanduku lenye matundu. Mbwa wa kuruka huku na huku kabinini ni hatari kwa kila aliyeko njiani.

Katika njia hiyo ya kaskazini ndiko watokako mbuzi wa juu ya turubai, nao si jambo dogo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipothibitishwa nchini mwaka 2006, ilianzia Turkana, kisha ikaenea katika wilaya nyingine na kuua mifugo kwa wingi. Mtu anunuaye mbuzi wawili Kainuk kwa bei nafuu akawashusha Kitale bila kibali cha daktari wa mifugo hajioni kuwa mfanyabiashara wa mifugo, lakini maradhi hayamuulizi amebeba wangapi. Na jogoo wa Misikhu naye, aliyelazwa chini ya kiti hadi Kampala, aweza kuchukua kideri kutoka ua wa shemeji hadi ua wa rafiki. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa pasipo lazima, na kumfunga mbuzi miguu yote minne juani kwa saa 10 ni kumtesa, hata kama wote tumekwisha kulizoea jambo hilo tangu utotoni.

Sasa nije kwa sababu ambayo madereva wenyewe huitoa wanapomtamani mbwa, ambayo si upweke, kwa kuwa mwanamume wa barabarani huona haya kuutaja upweke, bali ni ulinzi. Usiku, lori likiegeshwa, wezi hunyonya dizeli kwenye tangi, hukata turubai kwa kisu, hufungua betri, hubeba stepni. Na asubuhi hasara hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa amelala. Mbwa husikia hatua ambazo mtu hazisikii, na kubweka kwake peke yake hutosha kumfukuza mwizi anayependa kimya. Ni hoja yenye uzito, na laiti matajiri wangeipima kwa hesabu wanayoipenda wao wenyewe, wengine wangeona kwamba mbwa mmoja aliyefunzwa, mwenye chanjo na mwenye leseni, katika kila uwanja wa kuegesha magari, ni nafuu kuliko madebe ya dizeli yanayopotea. Nimesema uwanjani, sikusema garini. Mbwa wa uwanja analinda malori 20 kwa usiku mmoja. Mbwa wa kabini analinda moja, na mchana hana kazi ila kuhema.

Lililo zito kupita yote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishadhihirisha dalili kwa mtu, takriban hana wa kupona, na karibu visa vyote vya wanadamu hutokana na kung'atwa na mbwa. Tabia yake mbaya kwa maana ya safari ni kwamba hukaa mwilini kimya kwa majuma, pengine miezi, kabla ya kujitokeza. Hivyo mbwa aliyepakiwa Nairobi akiwa mchangamfu aweza kushushwa Bungoma akiwa mchangamfu, na mwezi ujao akamng'ata mtoto anayeuza mahindi ya kuchoma. Kwamba vyombo vya safari huueneza si dhana tupu. Kisiwa cha Flores huko Indonesia hakikuwa na kichaa cha mbwa mpaka mwaka 1997, mbwa walipoletwa kwa chombo cha bahari kutoka Buton, na tangu hapo watu wengi wamekufa. Karibu yetu zaidi, Pemba ilikwisha kuutokomeza mwaka 2014 kwa chanjo. Mwishoni mwa 2016 ukarudi, na uchunguzi wa virusi wenyewe ukaonyesha kwamba uliletwa na mbwa waliovushwa na wanadamu. Ikabidi chanjo zianze upya, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Ikiwa bahari haikutosha kuwa kizuizi, barabara ya lami itazuia nini?

Kenya imejiwekea mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo 2030, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kubainisha kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kwa hiyo dereva anayetaka kuvuka Malaba au Suam na mbwa wake ajue anatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ambacho muda wake haujakwisha, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha kuingiza mnyama kutoka nchi aendayo. Na asidhani kwamba kwa kuwa askari humjua kwa jina, mbwa naye anajulikana. Kuhusu kasuku wa kijivu, ambaye wengine humnunua kwa siri upande wa Kongo ili awasemeshe njiani, maneno ni machache: tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali. Sheria hiyo ya 2013 humhusu pia kobe anayeokotwa njia ya Lodwar na tumbili mtoto anayeuzwa kando ya barabara.

Hapo ndipo tunapomfikia mnyama halisi wa dereva wetu. Tazama mizani ya Webuye, viwanja vya kuegesha vya Malaba, hoteli za madereva za Kitale: kila mahali pana mbwa wasio na mwenyewe wanaowajua madereva kwa sauti ya magari yao. Mmoja hutoka chini ya trela akinyosha mgongo, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya lori fulani, akaketi, asibweke. Mlango ukafunguka, na mfupa uliofungwa katika gazeti tangu Nakuru ukashushwa. Dereva humwita kwa jina, humuuliza habari, kisha huenda kuoga. Mwezi ujao atarudi, na mbwa atakuwa pale pale. Huu ndio urafiki uliojitengeneza wenyewe, usiohitaji idhini ya tajiri wala kubana nafasi ya tanboi, unaoafikiana na dini na ada, na usiomtesa mnyama kwa joto la Lodwar. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: mbwa huyo hana chanjo, na mkono unaompa mfupa leo uko Kampala kesho.

Kasoro hiyo ina wa kuiondoa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, kwa maneno yasiyo na utata. Kaunti za Trans Nzoia, Bungoma na Busia, ambazo barabara ya kutoka Kitale hadi Malaba huzipitia zikifuatana, zingeweza kupeleka wachanjaji vituoni, na si vijijini na shuleni peke yake kama ilivyo ada ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mfano wa kufuata njia ya lori upo: shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, lilijenga zahanati za wasafirishaji mahali kama Mlolongo na Salgaa kwa kutambua kwamba dereva hafiki hospitali, bali hospitali sharti imfikie. Mbwa wa kituoni hafiki kwa daktari pia. Na hakuna awezaye kumkamata kwa upole kuliko dereva anayemlisha. Basi madereva na waite mbwa wao kwa majina siku hiyo, wawashike, wachanjwe, wavishwe ukosi wa rangi ili ajulikane aliyekwisha kuchanjwa. Matajiri nao watoe maji na banda uwanjani.

Mpaka hayo yatakapotendeka, dereva aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa, awe Webuye, Kitale au Tororo, asingoje kufika nyumbani, wala asidanganywe na udogo wa jeraha: aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha siku hiyo hiyo aende hospitali iliyo karibu akaombe chanjo, na arudi kwa kila sindano aliyopangiwa, hata ikiwa mzigo utachelewa.